Kutoka Mlangoni Hadi Lami: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njia na Usafiri Vijijini Sebei

Maswali haya nimeyakusanya katika mikutano ya kijiji, kwenye stendi ya bodaboda na nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi ni katibu wa kamati ya barabara ya kijiji kimoja cha wilaya ya Kween, eneo la Sebei kwenye mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, upande wa juu wa barabara ya Kapchorwa–Suam iendayo mpaka wa Kenya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha huku: Msabiny, Mgisu, Mpokoti, mfanyabiashara kutoka Kitale na askari aliyehamishiwa kwetu kutoka Arua, wote hupatana bei kwa lugha hiyo. Maswali mengine yana majibu mafupi, nami sikuona sababu ya kuyavuta.

Lami imeshafika. Mbona bado mnalia barabara?

Lami tunaishukuru. Aliyeishi Bukwo kabla ya kilomita zile 73 kutengenezwa anajua mvua ilikuwa na maana gani. Ili ufike Mbale, mji wa nchi yako mwenyewe, uliingia Kenya kwa Suam, ukazunguka Kitale, kisha ukarudi Uganda kwa mpaka mwingine. Malori yalikwama siku kadhaa kwenye ule udongo mwekundu unaonata kama ulimbo. Hayo yamepita.

Tatizo lililobaki liko kati ya lami na mlango wa mtu. Mkulima wa Benet au Kwosir ana kilomita tatu, tano, hata nane za kupanda na kushuka kabla ya kuiona hiyo lami. Lori la mnunuzi halipandi. Linasubiri chini, na dereva anajua kwamba mtu aliyeshusha viazi kwa punda tangu alfajiri hatavirudisha juu. Hapo bei inakatwa, na mkulima anakubali.

Kahawa nayo haina subira. Tunda la arabika likishachumwa linatakiwa kumenywa siku hiyohiyo, la sivyo linaanza kuchacha na ladha inaharibika. Asiyeweza kulifikisha kwenye mashine kabla ya usiku humwuzia mchuuzi anayekuja hadi shambani, kwa bei ya mchuuzi. Maziwa ya jioni ndiyo usiseme.

Wataalamu wana kipimo chao: ni watu wangapi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika majira yote. Katika hesabu ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2016, Uganda ilipata kama asilimia 53. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya wanavijiji walikuwa nje ya hizo kilomita mbili. Nami naongeza hivi: kilomita mbili za kwenye ramani, hapa mlimani, zinaweza kuwa saa nzima ya kushuka bondeni na kupanda ng'ambo.

Barabara yetu ni ya nani hasa?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila kijiji kinapaswa kulijibu, maana ukipeleka ombi kwa asiyehusika utazungushwa miaka.

Kuna barabara za kitaifa, kama hiyo ya Suam. Zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za kitaifa, tangu 2008 hadi mamlaka hiyo ilipovunjwa mwishoni mwa 2024, na sasa zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kuna barabara za wilaya, ambazo mwenyewe ni mhandisi wa wilaya. Kuna za miji. Halafu kuna zile zinazotoka vijijini kwenda kuungana na hizo nyingine, na hizo ziko mikononi mwa gombolola, yaani LC III, baraza la ngazi iliyo chini ya wilaya. Ukizijumlisha nchi nzima, hizi za mwisho ndizo ndefu kuliko zote, na ndizo zinazopata hela kidogo kuliko zote. Barabara yenu karibu hakika ni mojawapo.

Nenda gombolola uombe kuona orodha ya barabara zao. Uliza kwa jina: inaanzia wapi, inaishia wapi, ina kilomita ngapi. Sisi tulipofanya hivyo tuligundua kwamba njia yetu haikuandikwa popote. Watu walikuwa wameipita tangu enzi za babu zetu, lakini kwenye karatasi haikuwepo, na kisichokuwepo kwenye karatasi hakipangiwi bajeti. Kuiingiza kwenye orodha hakukutugharimu senti, ila muhtasari wa mkutano wa kijiji, sahihi ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, na barua iliyopita kwa diwani wetu.

Lakini wilaya ina mitambo. Kwa nini haiji?

Ni kweli, ipo. Mwaka 2017 serikali ilileta mitambo kutoka Japani na kuigawia wilaya: greda, rola, matipa na mengineyo. Na kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/24 Bunge lilitenga shilingi bilioni moja kwa kila wilaya kwa ajili ya barabara. Kwa mwananchi hiyo ni hela nyingi. Kwa wilaya ya mlimani, toa mafuta, vipuri, kalvati na malipo ya madereva, kisha gawanya kwa kilomita zote za wilaya. Haitoshi, na mhandisi lazima achague.

Huchagua nini? Kwa nilivyoona, hupeleka greda mahali ambapo watu wameshajiandaa: mipaka imekubaliwa, visiki vimeng'olewa, hakuna ugomvi wa shamba, na wapo watakaotunza mitaro baada ya greda kuondoka. Anakwepa mahali ambapo dereva atasimamishwa na mtu mwenye panga anayesema mtambo umekata migomba yake.

Greda ilipita mwaka jana. Mbona imeharibika tayari?

Maji.

Ningeweza kuishia hapo, ila jambo hili lina uzito kuliko yote katika ukurasa huu. Watu husema barabara imeharibiwa na malori, au na mhandisi, au na mwenye tenda. Mara nyingine ni kweli. Lakini huku Elgon, adui mkuu ni maji yanayokosa pa kwenda. Barabara iliyochongwa bila njia ya maji huwa mto wakati wa mvua, na baada ya misimu miwili unabaki na korongo.

Barabara ya udongo lazima iwe na mgongo. Kama ina upana wa mita 5, katikati pawe juu kuliko kingo kwa kama sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Maji yakianguka yanagawanyika, nusu kulia na nusu kushoto, yanaingia mitaroni. Barabara iliyo bapa au iliyobonyea katikati kama mtumbwi imeshakufa, hata kama leo inapendeza.

Mitaro nayo haitoshi. Maji yakishaingia mtaroni yanazidi kuwa mengi na kuongeza kasi kadiri yanavyoteremka, yanachimba, yanakula ukingo. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa unachepusha mtaro kwenda nje, kwenye nyasi au shambani, maji yatoke yakiwa bado machache. Hapa ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kila mtu anataka maji yatokee kwa jirani. Kaeni na wenye mashamba kabla ya kuchimba. Wengine hukubali kwa furaha wakielezwa kwamba maji hayohayo yanaweza kunywesha migomba yao, yakielekezwa taratibu kwenye makinga-maji.

Mahali penye mteremko mkali, panga vizuizi vya mawe ndani ya mtaro, kama ngazi ndogo. Kwa mteremko wa asilimia 10, vikae kila baada ya mita 5 au 6. Mawe tunayo, mlima wetu ni wa volkano. Kosa tulilofanya mwanzoni ni kujenga vizuizi virefu mno: maji yaliruka juu ya mtaro, yakakata barabara palepale. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati.

Mwisho, kalvati. Bomba jembamba linajaa majani na matope msimu wa kwanza. Lisipungue kipenyo cha sentimita 60, ili mtu aweze kuingiza koleo na kulizibua.

Kwa jembe na sururu tu tunaweza kufanya nini?

Mengi kuliko mnavyofikiri, mradi mfanye mambo madogo mara nyingi badala ya jambo kubwa mara moja. Kuzibua mitaro na kalvati kabla ya mvua za Machi, na tena katikati ya msimu. Kufyeka kingo ili jua lifike barabarani likaushe udongo. Kujaza mashimo yakiwa bado madogo kama sufuria. Kupanda matete au nyasi za vetiva kwenye kingo zinazomomonyoka.

Yapo ambayo jembe halitayaweza: kupasua mwamba, kushindilia moramu, ile changarawe ya barabara, ya kilomita nzima, kujenga daraja la gari. Msijidanganye hapo.

Na kuna jambo moja nawasihi msilifanye peke yenu, nalo ni kuchimba ukuta wa mlima ili kupanua barabara. Mlima huu unaporomoka. Bududa, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi kilifunikwa na udongo na mamia ya watu wakafa. Ukikata mguu wa mteremko bila kujua unachofanya, unaweza kuwaporomosha walio juu na kuwafukia walio chini. Mwite mtu wa ujenzi wa wilaya aje aangalie kwanza.

Kuna pia shule ya kazi hii, jirani tu. Mbale kuna kituo cha Wizara kiitwacho MELTC, kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa kutumia nguvu za watu na vifaa vyepesi badala ya mitambo mikubwa. Wanafunzi wake wengi ni wakandarasi wadogo na mafundi wa serikali za mitaa. Uliza wilayani kama yupo mtu aliyepita pale, kisha mwombe siku moja atembee nanyi barabarani. Siku hiyo moja ilitufaa kuliko mikutano yetu ya mwaka mzima.

Barabara ikipanuliwa itakula shamba langu. Nitalipwa?

Kwa barabara za kitaifa serikali hufanya tathmini na kulipa fidia, na Katiba inalinda haki hiyo. Kwa njia za kijiji, kawaida hakuna hela ya fidia. Watu hutoa kipande cha ardhi kwa hiari ili njia ipite. Neno lenyewe ni hiari. Mjane mwenye robo ekari asibanwe mbele ya mkutano mpaka aone haya kukataa. Mara mbili tumehamisha njia kidogo ili mzigo uwaangukie wenye mashamba makubwa, na sioni kama tulipoteza chochote.

Makubaliano yaandikwe: nani ametoa, upana kiasi gani, mazao yaliyopo yavunwe lini, mashahidi ni nani, na mke au mume naye atie sahihi. Nakala moja abaki nayo mwenye shamba, nyingine LC I, nyingine gombolola. Neno la mdomo hufa na aliyelisema, kisha wanawe wanajenga ua katikati ya barabara.

Hela za PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya miluka, zinaweza kutengeneza barabara?

Shilingi milioni 100 zinazoingia kila muluka, ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola, ni mkopo kwa familia, kwa ajili ya kilimo na ufugaji wa kuingiza kipato. Si za barabara. Mpango wenyewe, uliozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022, una nguzo saba, na mojawapo ni miundombinu, lakini kazi hiyo hupitia bajeti za kawaida za serikali. Msimbane chifu wa muluka kwa hela asiyokuwa nayo.

Daraja letu ni magogo mawili. Tufanye nini?

Magogo ya kalitusi yanayolala kwenye unyevu huoza kutoka ndani. Juu yanaonekana mazima, na siku moja mtoto wa shule anakanyaga. Kama ndiyo mliyo nayo, yakaguliwe kila mwanzo wa mvua kwa kuyagonga na kuyachoma kwa mtalimbo, na wekeni kamba ya kushikilia pande zote mbili.

Mito ya Elgon ina tabia yake. Inaweza kufurika huku kwenu jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha juu msituni. Wafundisheni watoto kusikiliza: mto ukianza kunguruma na maji kubadilika rangi, wasivuke, hata kama mwalimu atawaadhibu kwa kuchelewa. Na walimu waambiwe hivyo pia. Sisi tulikwenda shuleni wenyewe tukazungumza nao, na wakatuelewa.

Kwa daraja la kudumu, kuna mfano mzuri nchini mwetu. Wilaya ya Kasese, chini ya Rwenzori, kwa msaada wa Wabelgiji, ilijenga madaraja ya matao ya mawe. Hayahitaji nondo. Mafundi hujenga kiunzi cha mbao, hupanga mawe na saruji juu yake, na kiunzi kikiondolewa mawe yanashikana kwa uzito wao. Mawe ni ya hapohapo na vibarua ni wa hapohapo. Kwa mlima wetu ulivyojaa mawe, sielewi kwa nini madaraja ya namna hiyo hayajajaa Sebei.

Daraja la miguu la kuning'inia nalo ni jambo zito kuliko watu wanavyolichukulia. Nchini Nicaragua watafiti walifuatilia vijiji vilivyojengewa madaraja ya miguu, wakakuta kipato cha kazi kimepanda kwa kama theluthi moja, kwa sababu tu mtu hakukosa tena soko wala kibarua mto ulipofurika. Hakuna gari hata moja lililopita juu ya madaraja hayo.

Mama akishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, tunafanya nini?

Swali hili liliwahi kuulizwa na mzee mmoja aliyempoteza binti yake njiani. Mkutano mzima ulinyamaza. Ndiyo sababu kamati yetu ilizaliwa, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Damu ikianza kumtoka mama kwa wingi baada ya kujifungua, inaweza kumuua ndani ya saa mbili. Hizo saa mbili ndizo zinazoliwa na barabara. Kwa hiyo mipango yote ifanywe kabla. Usiku wenyewe si wakati wa kutafuta namba ya simu.

Mimba ikijulikana, familia ikae na mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wakubaliane: atajifungulia wapi, nani atampeleka, na kwa hela ipi. Wekeni akiba ya usafiri tangu mwezi wa tatu wa ujauzito, hata kama ni kidogo kila wiki. Kikundi chetu cha akina mama kina sanduku la dharura, tofauti kabisa na sanduku la mikopo, na funguo zinashikwa na watu wawili wanaoishi karibu. Mtu hachelewi kwa sababu mweka hazina amekwenda matangani.

Chagueni waendesha bodaboda watatu wanaolala kijijini, wenye pikipiki zao wenyewe. Bei ya usiku ikubaliwe mapema na kuandikwa. Mwanamume anayeamshwa saa nane usiku kwenye mvua hastahili kuombwa afanye kazi bure, na familia iliyo kwenye shida haistahili kuchunwa. Pikipiki mbili ziende pamoja, moja na mama, nyingine na msindikizaji. Kumbana mama katikati ya dereva na shemeji yake ni hatari, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Pale pikipiki isipopita, machela. Vijana wanane, wanne wanabeba na wanne wanapokezana. Watu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wametutangulia mbali katika hili. Wana vyama vya machela, engozi, ambavyo kila kaya ni mwanachama, na asiyekuja kubeba hutozwa faini. Vyama hivyo vilikuwa imara kiasi kwamba hospitali ya Kisiizi, ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996, ilijengea juu yake.

Kwa mama ambaye daktari au mkunga ameshasema ana hatari, kama mapacha, upasuaji wa zamani au presha, msisubiri uchungu. Ahamie kwa ndugu aliye karibu na lami au karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla. Najua inauma kuacha nyumba na watoto. Majirani wachukue zamu ya kupika na kukamua.

Watu huuliza kama serikali haiwezi kuwalipa bodaboda moja kwa moja. Imewahi kujaribiwa. Karibu mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha mradi huko Kamuli na Pallisa: wajawazito walipewa vocha za usafiri, bodaboda wakalipwa kwa vocha hizo, na idadi ya waliojifungulia vituoni ikaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo akina mama hawakatai hospitali. Wanashindwa kufika.

Kwa nini bodaboda wanapandisha bei mvua ikinyesha?

Kwa sababu tope hula mnyororo, breki na mafuta, na safari ya dakika ishirini inakuwa ya saa nzima. Hilo ni haki yao. Kisicho haki ni kupandisha bei kwa kumtazama mgonjwa usoni. Kaeni na chama cha stendi, kubalianeni bei ya kiangazi na bei ya masika, ziandikwe ubaoni.

Na wao tuwasikilize. Bodaboda ni wana wetu. Neno lenyewe lilizaliwa Busia, siku za baiskeli, walipokuwa wakivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na sasa hakuna kijiji Uganda kisichowategemea. Wengi wao huendesha bila kofia ngumu na bila leseni kwa sababu hela zote zinakwenda kwa mwenye pikipiki. Stendi ikiweka akiba ya pamoja, kofia mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, zinapatikana. Kwetu tulianza na za abiria, kwa sababu dereva aliona aibu kubaki kichwa wazi wakati mteja amevaa.

Punda bado wana maana, enzi hizi za pikipiki?

Sana. Sebei na Karamoja ndizo sehemu za Uganda zinazomjua punda, nasi tuthamini ujuzi huo. Punda anapita pasipopita pikipiki, hanunui petroli, na mama anaweza kumwongoza mwenyewe bila kumwomba kijana yeyote.

Tunawatesa, hata hivyo. Gunia la kilo 100 lililofungwa mgongoni kwa kamba ya plastiki ni kumvunja mnyama. Mgongoni abebe kama theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi kwa punda wetu wa kawaida, zikigawanywa sawa kwa pande mbili ndani ya shogi, na chini yake pawe na tandiko nene lililo wazi juu ya uti wa mgongo. Njia ikiwa tambarare, mkokoteni wenye magurudumu ya matairi utamwezesha kuvuta mara kadhaa ya hapo. Kidonda kikitokea, apumzike mpaka kipone. Punda mwenye kidonda anayepigwa apande mlima ni jambo la kutuaibisha sote.

Walindeni pia na wezi. Biashara ya ngozi imewamaliza punda sehemu nyingi za Afrika, hadi Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku mwezi Februari 2024 kwa miaka 15. Marufuku ya Addis Ababa haimzuii mwizi wa usiku. Zizi lenye mlango litamzuia.

Baiskeli ya kubebea wagonjwa je?

Busoga, kwenye tambarare, zimesaidia sana. Kwetu juu hapana. Chini, upande wa Ngenge, jaribuni.

Mbona mnasema maji na kuni ni suala la usafiri?

Kwa sababu miguu na kichwa ni usafiri. Katika miaka ya themanini, wilaya ya Makete huko Tanzania ilifanyiwa utafiti wa safari za vijijini, na ikaonekana kwamba muda mwingi wa kusafiri haukuwa wa kwenda mjini. Ulikuwa wa kwenda kisimani, msituni, shambani na kwenye mashine ya kusaga, na wasafiri wakubwa walikuwa wanawake. Nimehesabu nyumbani kwangu, nikaona aibu. Bomba la maji lililosogezwa karibu, au mashine ya kusaga iliyofika kijijini, humpunguzia mke wangu safari nyingi kuliko greda.

Ndiyo maana katika kamati yetu wanawake ni nusu. Wanaume tulianza kwa kutaka barabara ya lori. Wao walitaka kwanza njia ya kisimani ichongwe ngazi na kuwekewa mawe, kwa sababu wamama walikuwa wakiteleza na madumu. Tulianza na ngazi. Zilichukua Jumamosi mbili.

Na wasioweza kutembea?

Waulizeni wao wenyewe. Mzee mmoja kwetu, anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, hakuhitaji kilomita nzima. Alihitaji mita arobaini kati ya nyumba yake na njia kuu zisawazishwe, na ubao imara juu ya mtaro. Kila mnapochimba mtaro mbele ya nyumba ya mtu, wekeni kivuko.

Naweza kupitia Suam kwenda Kitale kwa matibabu au sokoni?

Ndiyo. Tangu 2014 raia wa Uganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Pikipiki au gari lina karatasi zake, kwa hiyo uliza forodhani kabla, na upite mlango rasmi hata kama njia ya panya ni fupi.

Ombi letu tulipeleke lini?

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukipeleka barua Juni umechelewa mwaka mzima. Mipango ya vijiji na miluka hukusanywa miezi ya Agosti na Septemba, mkutano wa bajeti wa wilaya mara nyingi huwa Oktoba au Novemba, na baraza la wilaya hupitisha bajeti kabla ya mwisho wa Mei. Barua yenu iwe mezani kabla ya Oktoba, na mtu wenu awe ukumbini siku ya mkutano wa bajeti. Mkutano huo uko wazi kwa wananchi.

Barua iwe fupi: jina la barabara, urefu, vijiji vinavyoitumia, shule na zahanati zilizopo, mahali hasa palipoharibika, na kazi ambayo tayari mmeifanya wenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Wekeni picha za kabla na baada.

Hela za michango zitalindwaje?

Tulichomwa mara moja. Fundi aliyelipwa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, alileta kalvati nne badala ya sita, na hatukuwa na karatasi ya kuthibitisha zilitakiwa ngapi. Tangu hapo tunaomba nakala ya makadirio ya kazi kabla ya kuanza, na kijana mmoja anahesabu kila kinachoshushwa. Michango yetu wenyewe inasomwa mbele ya mkutano kila mwezi, jina kwa jina. Asiye na hela anatoa siku ya kazi, na siku hiyo inaandikwa kwenye daftari lilelile.

Nianzie wapi?

Subiri mvua kubwa. Vaa mabuti, chukua daftari kwenye mfuko wa plastiki, mwite jirani mmoja, kisha tembeeni barabara yote tangu juu hadi lami huku inanyesha. Andikeni kila mahali maji yanapoingia barabarani, yanaposimama na yanapotokea. Chomekeni kijiti kila sehemu hiyo. Mvua ikikatika na jua likawaka barabara itaonekana nzima, lakini vijiti vitakuwa vimebaki palepale mtakapoanza kuchimba.